Noah ya dagaa: bima ndogo, bima kubwa, na ya thamani gani?

Swali la msomaji: "Nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, naishi Buswelu. Nina Toyota Noah niliyoinunua milioni 15 mkononi mwa mtu, sidaiwi mkopo. Miaka yote nakata bima ndogo ya 118,000. Mwaka huu wakala kaniambia nipande bima kubwa, tena tuandike thamani ya milioni 20 ili likitokea la kutokea nilipwe vizuri. Mdogo wangu, ambaye huchukua gari Jumamosi, anasema bima kubwa ni kuwachangia matajiri. Mara mojamoja navuka kwenda Sengerema, na mwisho wa mwaka nafika Sirari na ng'ambo yake. Nikate bima gani, na ya kiasi gani?"

Dada, wakala wako ana nusu ya ukweli na mdogo wako ana robo. Robo iliyobaki imo kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na nitaanza nalo. Lisipowekwa sawa, bima yoyote utakayokata, iwe ndogo (inayolipa madhara uliyowasababishia wengine tu) au kubwa (inayolipa na gari lako pia), utakuwa unalipia stika ya kumwonyesha trafiki tu.

Ile 118,000 ni 100,000 ya ada na 18,000 ya VAT, na ni bei ya gari binafsi. Maana yake miaka yote hiyo kwenye mfumo Noah yako inasomeka kama gari la kwenda kanisani, shuleni na kwa wakwe. Ukiichukua hati yenyewe ya bima, si ile stika, utakuta sehemu inayoeleza matumizi yanayoruhusiwa: shughuli za nyumbani, matembezi, na safari za mwenye gari za kikazi. Chini yake kuna mistari ambayo karibu hakuna anayeisoma, inayotaja yasiyoruhusiwa: kubeba abiria kwa malipo, kukodisha, mashindano, na kubeba bidhaa za biashara isipokuwa sampuli. Hati nyingi za gari binafsi huku kwetu zimeandikwa hivyo au karibu na hivyo. Na gunia la dagaa, dada, hata ukilitetea vipi, si sampuli.

Nimekaa kwenye madai ya bima hapa Mwanza kwa muda mrefu, na nakueleza kinachotokea. Mtathmini wa hasara akija kukagua Noah iliyogongwa haanzi na bampa. Anafungua mlango wa nyuma. Akikuta siti zimeng'olewa, kapeti imejaa magamba madogomadogo na ile harufu inamjibu kabla hajauliza, anapiga picha tatu, anaandika mstari mmoja kwenye ripoti yake, na kuanzia hapo dai lako linaanza kuumwa. Wiki mbili baadaye unaletewa barua ya heshima kabisa inayokushukuru kwa kuwa mteja wao. Na kama kuna mtu uliyemuumiza, kampuni inaweza kubanwa imlipe yeye, kisha ikakugeukia wewe ikudai ilichotoa.

Kwa hiyo kabla ya "kubwa au ndogo", mwambie wakala kwa maneno haya haya: gari hili linabeba mizigo yangu mwenyewe ya biashara, magunia ya dagaa, kutoka Mwaloni. Atakuweka kwenye kundi la magari ya biashara yanayobeba mali ya mwenyewe. Ada itapanda, hilo sikufichi. Lakini utakuwa na bima badala ya karatasi. Akikujibu "aah dada, andika binafsi tu, nani atajua", huyo anatafuta mauzo ya leo. Siku ya ajali hatakuwepo, na saini kwenye fomu ya maombi ni yako.

Huyo mdogo wako wa Jumamosi je? Hukusema gari anafanyia nini. Kama anaenda harusini na kurudi, sawa, mradi leseni yake ni hai na daraja lake linalingana na gari la namna hiyo. Kama anasimama Buzuruga anapakia watu wa Magu kwa nauli, hiyo ni bima ya aina nyingine kabisa, ya magari ya abiria, inayohesabiwa kwa siti, na hata ukiingia kundi la mizigo haitamfunika. Kaa naye mzungumze kabla hujalipa. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa sababu ya jambo hili.

Sasa turudi kwenye kiasi. Watu wakiulizwa wanataka bima ya kiasi gani, akili inakimbilia kwenye gari lao. Mimi nataka uanze na gari la mwenzako. Noah yako ina bei na bei hiyo unaijua; ikiungua yote hadi ibaki vyuma, umepoteza milioni kumi na kitu, basi. Hasara unayoweza kumsababishia mtu mwingine haina bei iliyoandikwa popote. Unatoka Buswelu alfajiri, Kiseke, Sabasaba, Pasiansi, unashuka mpaka Kirumba. Njiani una bodaboda zenye abiria wawili, bajaji, daladala zinazosimama popote konda anapopiga bodi, malori ya viwanda vya samaki, na zile Land Cruiser nyeupe za miradi. Ukikosea sekunde moja, hujui umekosea kwa nani.

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, inashughulikia hilo tu: wengine. Kifo na majeraha yao, hiyo ndiyo sababu sheria inalazimisha kila gari kuwa nayo; na kwa hati nyingi, mali zao pia. Ila upande wa mali una ukomo. Kuna mstari kwenye hati yako unaotaja tarakimu, ukomo wa fidia kwa mali ya mtu wa tatu. Kautafute leo. Wateja wengi ninaowauliza hawajawahi kuuona, na wengine hawana hati yenyewe, wana ujumbe wa simu tu uliokuja na namba ya stika.

Niliwahi kushughulikia dai la mwalimu mmoja mwenye Probox. Mvua, mteremko wa Bugando, tairi zikateleza, akaingia ubavuni mwa Land Cruiser mpya. Probox haikuwa na thamani ya milioni 8. Upande wa pili kulikuwa na milango miwili, taa, kioo cha pembeni chenye kamera ndani yake, na rangi ambayo gereji yao ilisema lazima ipigwe ubavu mzima. Kampuni ililipa mpaka kwenye ukomo ikasimama, kama hati ilivyosema, na haikukosea kitu. Kilichozidi kilikuwa mamilioni, na mwalimu aliuza kiwanja alichokuwa nacho Kisesa. Bima kubwa pekee isingemwokoa hapo, kwa sababu hata bima kubwa ina ukomo uleule kwa mali ya wengine, na mtu anaweza kulipa laki sita akaendelea kuwa uchi upande huo. Kilichotakiwa ni kumwambia wakala "nipandishie ukomo wa mali ya mtu wa tatu", na nyongeza yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kupanda kutoka ndogo kwenda kubwa. Mawakala hawaitaji kwa sababu haiwaletei kamisheni ya maana. Wewe itaje. Hata ukiamua kubaki na bima ndogo kwa mwaka huu, hii usiiache.

Na ujue kwamba wewe dereva si mtu wa tatu. Ukivunjika mguu kwenye ajali uliyosababisha, bima ndogo haina habari na wewe. Vijana wawili wanaokaa juu ya magunia wakusaidie kupakua nao uliza waziwazi: hawa wamo au hawamo? Jibu la wakala lisiwe la mdomo. Mwambie akuonyeshe mstari.

Tuje kwenye hiyo milioni 20.

Wakala wako anakwambia ukiandika kubwa utalipwa kubwa. Sivyo. Bima ya gari inalipa thamani ya soko ya siku ile gari lilipoharibika, na haivuki kile ulichoandika. Katika hizo mbili inachukuliwa iliyo ndogo. Tuseme Noah yako leo sokoni ni milioni 16. Nitatumia asilimia 3.5, kiwango cha chini kilichozoeleka kwa bima kubwa ya gari binafsi, ili tu uione hesabu. Kundi lako la mizigo asilimia yake ni kubwa zaidi. Kwa milioni 20 ada ni 700,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 unafika 826,000. Kwa milioni 16 ada ni 560,000, na VAT jumla 660,800. Tofauti ni 165,200 kila mwaka, na siku gari likiibiwa au likiharibika lisitengenezeke, utalipwa kwa kuangalia milioni 16 ileile, kama haijashuka zaidi. Hiyo laki na nusu na ushei umenunulia nini? Wakala analipwa kwa asilimia ya ada, naye ni binadamu, ana watoto wanaosoma.

Kuna kishawishi cha upande wa pili, na nahisi mdogo wako atakuletea: "Basi andika milioni 8, ada ipungue." Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa sababu maumivu hayaji kwenye gari lililokufa tu, yanakuja hata kwenye ajali ya kawaida. Ukiandika 8 kwa gari la 16, kampuni inaweza kusema umeamua kubeba nusu ya hatari mwenyewe. Ukipata ajali ya matengenezo ya milioni 4, wanahesabu nusu, milioni 2, halafu wanatoa eksesi, yaani mchango wako mwenyewe kwenye dai, juu yake. Ulidhani umekata bima mpaka milioni 8 na ajali ni ya milioni 4 tu, kwa nini usilipwe yote? Kwa sababu thamani uliyoandika si kisanduku cha akiba unachochota mpaka kiishe. Ni kipimo cha sehemu ya gari uliyoikabidhi kwa kampuni.

Andika bei ya kweli, na usikisie. Milioni 15 uliyonunulia si lazima iwe bei ya leo. Hukusema ni ya mwaka gani, na bei za Noah hupanda na kushuka kwa dola na ushuru. Zungukia yadi mbili tatu za magari, uliza Noah ya mwaka kama wako, injini kama yako, yenye hali kama yako (na yako inabeba dagaa, kwa hiyo toa kidogo). Au omba kampuni imtume mtathmini akague kabla ya kukata bima na aandike ripoti. Ripoti hiyo ina faida ambayo watu hawaioni: siku ya dai hakuna wa kukwambia gari lako lilikuwa bovu toka zamani. Kila mwaka ukihuisha, uliza upya. Kuna watu wanalipia thamani ya miaka mitano iliyopita kwa sababu wakala anabofya "rudia" tu.

Haya, je, bima kubwa inakufaa? Usijiulize kama utapata ajali. Hilo hakuna anayelijua, na mdogo wako akikwambia "miaka sita hujagonga hata kuku" ana haki ya kusema hivyo lakini hajajibu kitu. Jiulize: ukiamka kesho Noah haipo, inakuwaje? Mwalimu mwenye mshahara atapanda daladala, ataumia lakini maisha yanaenda. Kwako wewe Noah ndiyo inayofikisha mzigo. Ukiitoa, unakodi Canter ya mtu kila siku ya mzigo, faida inaliwa njiani, na ndani ya miezi michache utakuwa umegusa mtaji. Ukinunua nyingine unachomoa milioni 16 kwenye mtaji uleule. Kama unaweza kuzitoa na mzunguko usitikisike, baki na bima ndogo yenye ukomo uliopandishwa, na hakuna wa kukucheka. Kama huwezi, na kwa jinsi ulivyoandika nahisi huwezi, basi hizo laki tano na kitu za tofauti, pengine saba kwa kundi la mizigo, ndizo bei ya kutolala na wasiwasi huo. Robo ya ukweli ya mdogo wako iko hapa: kwa mtu asiyeitegemea gari, au mwenye gari la milioni 5, bima kubwa mara nyingi haina maana. Kampuni zina kima cha chini cha ada ambacho hakishuki hata thamani ishuke, kwa hiyo gari likizeeka unajikuta unalipa sehemu kubwa ya thamani yake kila mwaka ili kulinda kitu kidogo. Ikifika hapo, teremka.

Kuna ngazi ya katikati ambayo haitangazwi: mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Hailipi ajali, ila gari likiungua au likiibiwa unalipwa. Kwa anayelaza gari nje, bila uzio, na ambaye kugongwa kwa bampa anaweza kujitengenezea, si wazo baya. Noah ni gari linalouzika vipande. Uliza bei yake tu, uilinganishe.

Eksesi nimeitaja juu juu. Ni kile unachochangia mwenyewe kwenye kila dai kabla kampuni haijaweka chake. Tuseme hati inasema asilimia 10 ya dai, isiyopungua 300,000. Ukivunja taa na bampa kwa 350,000, kampuni inakulipa 50,000, na umepoteza punguzo la mwaka usiodai pamoja na siku tatu za kufuatilia makaratasi. Dai la namna hiyo usilipeleke. Nenda gereji yako ya Nyakato ukamalizane nayo. Bima kubwa ni ya maafa, si ya mikwaruzo. Kwa sababu hiyo ukiambiwa ukubali eksesi kubwa kidogo ada ishuke, na una laki tano za dharura mahali, kubali. Wengine wanakuuzia kufutwa kwa eksesi kwa nyongeza. Kwa gari lako mimi nisingenunua. Angalia pia kama spea mpya zikifungwa kwenye gari la zamani utachangia sehemu. Kampuni nyingi zinadai hivyo, na hiyo haimo kwenye eksesi, inakuja juu yake.

Nyongeza nyingine nazipitia haraka. Redio na vioo, achana navyo. Mafuriko, hakikisha yamo: hati nyingine zinayaweka ndani ya bima kubwa, nyingine zinayatoa kama nyongeza, na anayepaki mjini karibu na mto Mirongo siku mvua inapomwaga hahitaji kuelezwa. Injini iliyozimika kwa kuingiza maji kisha dereva akaendelea kupiga stata ni ugomvi mwingine. Ikizima ndani ya maji iache, ivutwe. Fujo na maandamano, uliza kama zimetengwa. Na kivuko. Siku hizi kwenda Sengerema unaweza kupita juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lakini kama unatokea Kirumba huenda bado unachukua cha Kamanga kwa kuwa unapandia mjini hapohapo. Uliza gari likiwa juu ya maji linafunikwa vipi, hasa likidondoka au likigongana na jingine wakati wa kupakia. Mara nyingi jibu ni zuri, ila lijue kabla.

Kitu kimoja kuhusu karatasi: ulinunua mkononi mwa mtu. Kadi ya gari iko kwa jina lako? Kama bado inasoma jina la aliyekuuzia, nenda TRA mkabadilishane kwanza. Bima ya gari ambalo kisheria ni la mtu mwingine inaleta maswali siku mbaya kuliko zote, na aliyekuuzia huenda amehamia Geita na kubadilisha namba ya simu.

Ukishalipa, na bima haianzi mpaka ulipe, usiridhike na ujumbe wa wakala. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ule wa kuhakiki stika, weka namba ya gari, usome kwa macho yako: kampuni, tarehe ya kuanza na kuisha, aina ya bima, na matumizi. Hapo kwenye matumizi ndipo utajua kama mazungumzo yako na wakala yalimwingia. Yasipolingana rudi siku hiyohiyo. Baadaye ukija kubishana na kampuni juu ya dai, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya kesi hizo. Lakini wote wawili watauliza hati inasema nini.

Pesa utaitoa wapi kwa mkupuo? Wewe unalijua giza na mbalamwezi kuliko mimi. Kwenye mbalamwezi dagaa hawavuliki na Mwaloni panapoa, na bima ikikuangukia siku hizo utaikata nusu nusu au utaiacha. Tenga kila giza. Kwa hesabu yetu ya 660,800 ni kama 55,000 kwa mwezi. Kwa kundi la mizigo weka 70,000 mpaka upate bei kamili. Iweke kwenye simu, laini ambayo hupokelei wateja.

Ningekuwa mimi: kundi la mizigo yako mwenyewe, bima kubwa kwa thamani ya mtathmini na si zaidi, ukomo wa mali ya mtu wa tatu upandishwe kadiri kampuni inavyoruhusu kwa bei inayovumilika, eksesi ya kawaida, mafuriko ndani, na nyongeza ya ajali kwa dereva na wapakuaji. Chukua bei kwa mawakala watatu wa kampuni tofauti, wote wape maelezo yaleyale neno kwa neno, ndipo bei zitalinganishika. Aliye chini sana kuliko wenzake, tafuta alichokitoa.

Bima nzuri inaweza pia kuharibiwa kwa mdomo, pale barabarani. Ajali ikitokea, sisi watu wa huku tuna moyo wa kusema "ndugu yangu nisamehe, nitakutengenezea, tuyamalize hapahapa". Pole mpe, maji mpe, majeruhi awahishwe, PF3 ichukuliwe polisi apate kutibiwa Sekou Toure au Bugando. Ila usikiri kosa na usiahidi kulipa, wala usiandikishane karatasi kwenye boneti. Hati yako inakukataza kuahidi chochote bila kampuni kujua, na ukishaahidi wana sababu ya kukuachia ahadi yako. Piga picha magari kabla hayajasogezwa, chukua namba, ita trafiki, kisha mpigie wakala siku hiyohiyo. Mfundishe na mdogo wako hili, kwa sababu Jumamosi hutakuwepo.

Na Sirari. Bima yako ya Tanzania inaishia mpakani. Ukivuka kuingia Isebania unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo inatolewa na kampuni yako juu ya bima uliyonayo na inafunika madhara kwa wengine katika nchi unayoingia. Haifunikii Noah yako. Ukitaka bima kubwa ikufuate Kenya, hiyo ni nyongeza ya peke yake, iombe kwa maandishi na itaje nchi. Iombe kwa wakala wako Mwanza siku mbili tatu kabla ya safari, uihakiki kama ulivyohakiki stika, na wale vijana wa mpakani wanaokukimbilia na vitabu mkononi waambie asante, unayo.